Gari Jepesi Lisilojisokota: Mwongozo Kamili kwa Mjenzi wa Nyumbani Mombasa

Chasisi yangu ya kwanza niliijenga kwa woga. Nilinunua tyubu za mraba za inchi moja zenye ukuta wa milimita 3, kwa kuamini kwamba chuma kinene ndicho chuma salama. Ilipokamilika, tuliibeba watu wanne tukihema kuitoa bandani kule Mikindani, tukaiweka juu ya matofali manne. Tofali moja lilikuwa limezama mchangani kidogo. Kona ya chasisi ikashuka ikalifuata. Nikaikanyaga kona ya pili, ikanesa. Chuma chote kile, na bado fremu inalegea kama kitanda cha teremka tukaze.

Niliikata yote. Ya pili niliijenga kwa tyubu nyembamba zaidi, ikatoka nyepesi, na nikiikanyaga kona haitikisiki. Tofauti ilikuwa mahali nilipoviweka vyuma. Gari likijisokota, wengi hukimbilia kuongeza chuma. Likiwa zito, hukimbilia kutoboa matundu. Kazi zote mbili ni moja: weka chuma pale nguvu inapopita, kiondoe pale isipopita.

Mwongozo huu ni wa gari dogo la wazi la viti viwili, lenye fremu ya tyubu, injini mbele na difu, yaani gia zinazozungusha magurudumu, nyuma. Aina hii ilipata umaarufu kupitia Lotus Seven, gari lililobuniwa na Colin Chapman huko Uingereza na kutolewa mwaka 1957, likiwa na uzito wa takriban kilo 500. Tangu mwaka 1973 kampuni ya Caterham ndiyo inayoliendeleza. Umbo lake linafaa sana kwa mjenzi wa nyumbani, maana linajengeka kwa tyubu zilizonyooka, grainda na mashine ya kuchomelea. Kwetu hapa, Corolla ya zamani ya KE70 inatoa injini, giaboksi na ekseli ya nyuma vyote kwa pamoja.

Kwanza, fahamu unapambana na nini

Nguvu ni uwezo wa chuma kutovunjika. Ukakamavu ni uwezo wa kutojipinda kinapobebeshwa mzigo. Fremu inaweza kuwa na nguvu tele, isivunjike miaka ishirini, na bado ijisokote kila unapokata kona. Na chasisi inayojisokota ni springi ya tano ambayo hukuinunua na huwezi kuirekebisha. Unabadilisha springi za mbele, gari halisikii. Unakaza shokomzoba, gari linaruka tu. Nguvu iliyopaswa kufika kwenye springi inaishia kuikunja fremu.

Jambo moja huwashangaza hata mafundi wazoefu: chuma cha bei ghali chenye nguvu zaidi hakina ukakamavu zaidi. Chuma cha kawaida na chuma kigumu hujipinda karibu sawasawa chini ya mzigo uleule. Tofauti ni kwamba kile kigumu kinachelewa kukunjika moja kwa moja. Alumini nayo ina uzito wa kama theluthi ya chuma, lakini hujipinda mara tatu ya chuma kwa umbo na unene uleule. Kwa hiyo tyubu ya alumini badala ya ile ya chuma yenye vipimo hivyohivyo haikupi faida unayoifikiria. Faida ya alumini iko kwenye umbo, kwa kuwa unaweza kutumia ukubwa au unene zaidi kwa uzito uleule. Lotus walipotoa Elise mwaka 1996, chasisi yake ya alumini ilikuwa na kilo 68, lakini ilitengenezwa kwa vipande vikubwa vilivyogandishwa kwa gundi kiwandani. Kazi hiyo si ya bandani. Sisi fremu tutaijenga kwa chuma, na alumini tutaiacha kwa mabati ya kufunika.

Pima kabla ya kukata

Nunua daftari na mizani mbili: ndogo ya kuning'iniza ya sokoni, na ya kupimia watu. Kila kipande kinachotoka kwenye gari la vipuri, kipime, andika. Kila kinachoingia kwenye gari jipya, vivyo hivyo. Bila daftari utapoteza siku tatu kuokoa gramu 200 kwenye kanyagio, huku rimu nne zikikuibia kilo 12.

Gari likishasimama kwa magurudumu yake, pima kila kona peke yake. Mizani ya watu mara nyingi huishia kilo 150 au 180, kwa hiyo tumia ubao mnene kama wenzo. Upande mmoja wa ubao ulale juu ya kipande cha bomba chini, upande wa pili juu ya mizani, na gurudumu likae kwenye theluthi ya kwanza kutoka kwenye bomba. Mizani itaonyesha theluthi ya uzito wa gurudumu; ondoa kwanza uzito ambao ubao mtupu ulionyesha, kisha zidisha kwa tatu. Magurudumu mengine matatu yainuliwe kwa mbao hadi kimo kilekile, na kwenye kiti cha dereva weka mfuko wa mchanga wenye uzito wako. Dereva wa kilo 75 kwenye gari la kilo 550 si abiria mdogo.

Fito tano na boksi la viatu

Kabla ya kugusa chuma fanya jaribio hili kwenye meza. Itakuchukua dakika kumi.

Chukua fito nne za sentimita 30, zipigilie mraba kwa msumari mmoja kila kona. Sukuma kona moja: mraba unalala. Sasa pigilia fito ya tano kwa mshazari, kona hadi kona. Sukuma tena. Haiendi popote. Hukunenepesha fito hata moja; umegeuza mraba kuwa pembetatu mbili, na pembetatu haibadiliki umbo mpaka upande wake mmoja urefuke, ufupike au ung'oke. Ng'oa fito ile ya tano, kisha gundisha kipande cha karatasi ngumu kuufunika mraba wote. Nao utakataa kulala. Bati lililofungwa vizuri kingo zote hufanya kazi ya mshazari.

Halafu chukua boksi la viatu bila kifuniko, lisokote kwa mikono miwili. Linajikunja kama kitambaa. Gundisha kifuniko pande zote, ulisokote tena. Boksi lililofungwa ni kitu kingine kabisa. Tyubu ya mraba ya milimita 25 yenye ukuta wa 1.6, ukiipasua kwa grainda mstari mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, umeondoa kama gramu 25 tu za chuma kwa kila mita, lakini ukakamavu wake wa kupinga msokoto umeshuka zaidi ya mara 150.

Gari la wazi ni boksi lililokosa kifuniko. Ndiyo maana tunahangaika.

Mzee mmoja, fundi wa mashua aliyekuwa akija kunitazama jioni, aliikagua fremu ile ya kwanza kimya, akaipapasa, kisha akaniambia: "Mwanangu, chombo hakishikwi na unene wa mbao. Kinashikwa na mataruma yalivyokaa." Mataruma ni mbavu za ndani za chombo. Nilimwelewa wiki mbili baadaye, nilipozipigilia zile fito.

Kununua tyubu: nenda na mizani dukani

Tyubu utakayoitegemea ni ya inchi moja kwa inchi moja, geji 16, yaani ukuta wa milimita 1.6. Inauzwa kwa urefu wa mita 6. Usiamini maandishi ya chaki wala neno la muuzaji. Tyubu kamili ya geji 16 yenye mita 6 ina kilo 7 na kidogo. Ukiinyanyua kwa mizani ukaona kilo 5 na nusu, umeshika milimita 1.2, hata kama umelipia 1.6. Pima unene wa ukuta kwa venia kwenye ncha zote mbili, na ichungulie ndani: yenye kutu ndani iache hapohapo. Hewa ya Mombasa inaila tyubu iliyolala wazi ghalani kwa msimu mmoja tu.

Pale unapohitaji ukakamavu zaidi, ongeza upana wa tyubu kabla ya kufikiria unene wa ukuta. Mita moja ya tyubu ya inchi moja yenye ukuta wa milimita 3 ina kilo 2 na zaidi kidogo. Mita moja ya inchi moja na nusu, geji 16, ina kilo 1.8 hivi. Hii ya pili ni nyepesi, na inapinga kupinda na kujisokota zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza. Laiti ningalijua hesabu hii siku ile, ningaliokoa pesa na mgongo.

Kwa mishazari isiyobeba saspensheni, yaani mikono na springi zinazoshika magurudumu, tyubu ya robo tatu inchi inatosha. Zipunguze hizo kwa uangalifu: mshazari mrefu na mwembamba sana ukibanwa kutoka ncha zote mbili hujikunja katikati kama unyasi. Nafasi ikiwa ndefu, igawe mara mbili.

Kuunda fremu

Tengeneza meza kwanza. Plaiwudi nene ya milimita 18 juu ya fremu ya mbao, isawazishwe kwa pimamaji pande zote, na mstari wa katikati uchorwe kwa uzi wa chaki. Tyubu za chini zikae juu ya michoro yake, zizuiwe na vipande vya mbao vilivyopigiliwa. Fremu itanyooka kadiri meza ilivyonyooka.

Sheria ya maungio ndiyo roho ya kazi hii. Mistari ya katikati ya tyubu zote zinazokutana mahali pamoja ipite kwenye nukta moja, na kila mahali mkono wa saspensheni unapofungwa pawe kwenye ungio kama hilo. Mkono ukifungwa katikati ya tyubu, unaigeuza tyubu hiyo kuwa upinde, na upinde unapinda. Tyubu inayovutwa au kubanwa kwa urefu wake ina ukakamavu mkubwa ajabu. Tyubu inayosukumwa ubavuni ni dhaifu. Tembea kwa kidole kutoka kwenye gurudumu la mbele hadi la nyuma ukiuliza kila kipande: hapa unavutwa, unabanwa, au unapindwa? Kila panapopindwa, ongeza tyubu ya kupeleka nguvu kwenye ungio, au sogeza bano.

Kata kwa usahihi. Mwanya wa milimita 2 unaojazwa kwa chuma cha kuchomelea huvuta tyubu ukipoa, na ungio linatoka limepinda. Piga taki fremu nzima kwanza, yaani vidoa vidogo vya kushikiza tu, viwili kila ungio, kisha pima mishazari yote kwa kamba: wa kushoto kwenda kulia na wa kulia kwenda kushoto ilingane. Ndipo uanze kuchomelea kwa mwisho, ukiruka huku na huku, mshono mfupi mbele kushoto, unaofuata nyuma kulia, ili joto lisivute upande mmoja.

Mashine ya waya ni rahisi kwa tyubu nyembamba, lakini gesi yake inapeperushwa na upepo. Wakati wa kusi, banda lililo wazi upande wa bahari linakupa mishono yenye matundu kama sponji. Ninaweka turubai pande mbili na kuchomelea asubuhi kabla upepo haujaamka. Ukitumia rodi, chukua za milimita 2, umeme mdogo, na ujizoeze kwenye vipande vilivyobaki hadi uache kutoboa. Kipande cha mazoezi kikaze kwenye jiliwa ukigonge kwa nyundo: tyubu ikunjike kabla mshono haujaachia. Na tyubu yenye zinki usiichome kabla ya kuisugua zinki yote. Moshi wake ni sumu, unampa mtu homa usiku kucha.

Mahali ambapo ukakamavu huvuja

Mahali penyewe ni patatu, na hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi kuliko popote.

Pa kwanza ni chumba cha injini. Juu yake hapana mshazari, kwa sababu injini lazima iingie na kutoka. Pande mbili zifunge kwa mishazari kamili. Chini weka mshazari mbele na nyuma ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Juu tengeneza kiunzi cha kufungwa kwa bolti, chenye umbo la V, kutoka maungio mawili ya nyuma ya injini hadi katikati ya mbele, au kinyume chake, kulingana na injini ilivyokaa. Matundu ya bolti yabane. Bolti ya milimita 8 kwenye tundu la 9 inaruhusu mchezo, na mchezo ni ukakamavu sifuri mpaka nafasi ile iishe. Kila bolti inayopita kwenye tyubu ipitie ndani ya bushi, yaani kijibomba kilichochomelewa, la sivyo ukiikaza unaibonda tyubu.

Pa pili ni pale mnapokaa. Hapa boksi liko wazi kabisa, na dawa yake ni kuta mbili na mgongo. Kiambaza cha mbele, kati ya injini na miguu, na kiambaza cha nyuma ya viti, vyote vifungwe kwa bati zima lenye ribiti kingo zote, si nusu. Mbavu za gari ziwe za kina kadiri unavyoweza kuvumilia kuzipanda. Tyubu ya juu na ya chini zikiachana sentimita 30 zina kazi kubwa kuliko zikiachana 20. Kila ubavu uwe na mishazari.

Mgongo ni handaki la propela, ule mhimili unaopeleka nguvu ya injini nyuma. Wajenzi wengi huliona kama kifuniko tu, lakini kwenye gari la wazi ndilo linaloweza kuwa boksi lililofungwa la pekee linalopita katikati yote. Lipe tyubu nne za kona, mishazari pande zote mbili, bati juu, na bati la kufungua kwa bolti chini. Liunganishe na viambaza vyote viwili. Likiishia hewani sentimita 10 kabla ya kiambaza, limekufa kazi yake.

Pa tatu ni nyuma, pale ekseli inaposhikwa. Kwa kawaida pana nafasi tele, mishazari inaingia bila taabu. Fanya, endelea.

Mabati ya kufunika

Mita moja ya mraba ya bati la chuma la milimita 1 ina kilo 7.85. Ya alumini ya milimita 1.2 ina kilo 3.2 hivi. Sakafu, handaki na viambaza vikiwa vya alumini unaokoa kilo nyingi, na bado vinafanya kazi ya mishazari, mradi vimefungwa sawasawa. Ribiti za milimita 4, moja kila sentimita 5, pamoja na gundi ya polyurethane ile ya kubandikia vioo vya magari. Gundi ndiyo inayobeba kazi kubwa; ribiti zinashikilia wakati inaganda na kuzuia kingo zisibanduke. Bati kubwa tupu litapiga kelele na kubonyea. Likunje mfereji mdogo kwa mshazari kabla ya kulifunga.

Sakafu iliyo chini ya visigino vya dereva, na mahali pa kufungia kiti, weka chuma. Hapo usibanie.

Kwa mwili wa nje, yaani pua na vikinga tairi, tafuta mafundi wa faiba wanaotengeneza mashua. Wanaijua kazi hii na joto letu. Tabaka mbili za mkeka wa nyuzi za kioo wa gramu 450 kwa mita ya mraba hutoa unene wa milimita 2 hivi na karibu kilo 3 kwa mita ya mraba. Kosa la kawaida ni kumwaga rezini nyingi. Rezini iliyozidi ni uzito mtupu, haiongezi nguvu. Igandamize kwa rola mpaka mkeka uonekane. Asubuhi mapema weka dawa ya kugandisha kiasi cha asilimia 1; saa sita mchana rezini itakugandia kwenye ndoo. Sehemu kubwa bapa usizinenepeshe: laza kamba nene au kipande cha povu gumu upande wa ndani, kifunike kwa utepe wa mkeka, nawe umepata ubavu.

Jaribio la mitungi ya maji

Hapa ndipo unapojua kama umefanya kazi au umejifurahisha. Unahitaji tochi mbili ndogo za leza, ukuta, boriti ndefu ya chuma, na mitungi miwili ya lita 20 kutoka kwa mwenye mkokoteni wa maji.

Funga nyuma ya chasisi, pale springi zinaposhikia, juu ya stendi nzito zisizosogea. Mbele, iweke chasisi juu ya kipande kimoja cha bomba kilicholala kwa urefu wa gari, katikati kabisa, iweze kubingirika kushoto na kulia. Funga boriti kwa upana pale springi za mbele zinaposhikia, itokeze mita 1.5 kutoka katikati. Bandika leza moja kwenye fremu mbele, nyingine nyuma, zote zikimulika ubavuni kuelekea ukuta ulio mita 5. Weka alama za penseli palipo na nukta. Ning'iniza mitungi yote miwili kwenye ncha hiyo moja ya boriti, uzito kamili kilo 40 kwenye mizani. Weka alama tena.

Hesabu yake si ngumu. Kilo 40 mara 9.81 mara mita 1.5 ni karibu Newton-mita 589, kipimo cha nguvu ya kusokota. Kwenye ukuta wa mita 5, digrii moja ni milimita 87. Tuseme nukta ya mbele imesogea milimita 50 na ya nyuma 6: msokoto wenyewe ni 44, yaani nusu digrii. Gawa 589 kwa 0.504, unapata karibu Newton-mita 1,170 kwa digrii. Ukiongeza kiunzi cha V na kufunga handaki, tofauti ikashuka hadi milimita 20, umefika karibu 2,570. Ukakamavu umeongezeka mara mbili na zaidi, kwa kilo chache tu za chuma.

Fanya jaribio kila baada ya kuongeza kitu kimoja. Kimoja tu. Gawa ukakamavu ulioongezeka kwa uzito ulioongezeka, andika daftarini. Tyubu isiyoleta kitu, ikate uitoe, hata kama inapendeza macho. Niliwahi kukata tyubu sita baada ya jaribio moja na namba haikubadilika.

Kupunguza uzito mwingine wote

Anza na visivyohitajika: waya za gari la zamani. Waya zote za kipasha joto, madirisha ya umeme, redio, taa za ndani. Fungua mkanda, fuatilia mmoja mmoja, ondoa. Kazi ya jioni mbili, nayo inakupa pia gari lisilosumbua mvua ya masika ikianza.

Kisha vinavyobingirika. Uzito usiobebwa na springi, yaani tairi, rimu, diski, ekseli, ndio unaodhuru zaidi, kwa kuwa springi inahangaika kuudhibiti kila tuta na kila shimo. Pima rimu kabla ya kununua. Rimu ya alumini si lazima iwe nyepesi, nyingine ni nzito kuliko za chuma za inchi 13 zilizokuja na Corolla. Betri ndogo inatosha injini ndogo; iweke chini, nyuma ya kiti cha abiria, isawazishe uzito wa dereva. Lita 20 za petroli ni kilo 15 hivi, kwa hiyo tangi kubwa ni uzito unaojibebesha mwenyewe. Kiti cha faiba chenye sponji nyembamba. Ekzosi fupi ya pembeni. Kioo cha mbele kidogo, au viwili vidogo vya plastiki ya polikaboneti, ambayo kwa unene uleule ina uzito chini ya nusu ya kioo.

Gari lishushe, lakini kumbuka matuta yetu, na kama unavuka Likoni, kumbuka mteremko wa kuingilia feri maji yakikupwa. Sampu iliyopasuka pale itakugharimu zaidi ya sentimita 2 ulizozitaka.

Kuna mahali usiguse. Mikono ya saspensheni, usukani, kanyagio la breki, mabano ya mikanda ya usalama: usitoboe matundu ya kupunguza uzito, usipunguze unene. Bolti zote za saspensheni na usukani ziwe na alama 8.8 kichwani au zaidi, na nati za kujifunga. Upinde wa kukinga kichwa uwe wa bomba la chuma lisilo na mshono, milimita 45 kwa 2.5 au 50 kwa 2, lililoegemezwa kwenye maungio ya fremu. Bomba la maji halifai kabisa. Upinde huo ukishikwa vizuri na kiambaza cha nyuma utakuongezea ukakamavu pia. Na nenda NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ukaulize habari za usajili na ukaguzi kabla hujamaliza, ukiwa na michoro na daftari lako mkononi.

Chumvi

Fremu ya geji 16 haina akiba ya kuliwa na kutu. Ziba kila ncha ya tyubu kwa kuchomelea. Tyubu isiyoingiza hewa haishiki kutu ndani. Lakini kila tundu la ribiti linaifungua tena, kwa hiyo kila ribiti ichovye kwenye gundi kabla ya kuipiga. Alumini na chuma vikigusana kwenye unyevu wa chumvi, alumini huliwa: paka praima na rangi pande zote mbili, iache ikauke kabisa, ndipo uweke gundi na ribiti. Ukipita barabara za ufukweni, lioshe gari kwa maji yasiyo na chumvi chini, si juu tu.

Zile alama za penseli ukutani usizifute. Andika tarehe pembeni. Baada ya miezi sita, na kila mwaka baadaye, rudisha chasisi kwenye stendi, ning'iniza kilo 40 zilezile mahali palepale. Nukta zikisogea zaidi ya siku ya kwanza, kuna mshono uliopasuka, gundi iliyoachia, au tyubu inayoliwa ndani. Chukua tochi na nyundo ndogo, gonga ungio baada ya ungio, na anza na chumba cha injini.